Mtangazaji wa Michezo na Neno 'Siasa': Kutoka John Arlott hadi Gary Lineker

Ikisiri

Makala hii inafuatilia namna mashirika ya utangazaji ya Uingereza na Marekani yalivyoshughulikia maoni ya kisiasa ya watangazaji wa michezo kati ya mwaka 1950 na 2025. Kwa kutumia matukio machache, hasa yale ya John Arlott na Gary Lineker wa BBC na Jemele Hill wa ESPN, inaoneshwa kwamba siasa haikuwahi kukosekana katika matangazo ya michezo. Kilichobadilika ni mahali ambapo shirika liliweka mpaka: katika kipindi, katika maslahi ya biashara, au katika nafsi ya mtangazaji mwenyewe. Kwa kuwa Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, makala inahoji pia maana ya neno 'siasa' katika miongozo ya utangazaji inayoandikwa kwa Kiswahili.

Utangulizi

Usiku wa Jumamosi, tarehe 11 Machi 2023, kipindi cha Match of the Day cha BBC kilirushwa bila mwendeshaji, bila wachambuzi, bila mtangazaji wa mpira na hata bila muziki wake wa ufunguzi. Kwa muda wa dakika 20 hivi, watazamaji waliona magoli na kusikia kelele za mashabiki tu. Kipindi hicho, kilichoanza mwaka 1964, hakijawahi kuwa kimya kiasi hicho. Watu wapatao milioni 2.58 walikitazama, takribani nusu milioni zaidi ya wiki iliyotangulia. Wengi wao, bila shaka, walifungua runinga ili kuusikiliza ukimya.

Chanzo chake kinajulikana. Siku nne kabla, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, Suella Braverman, alikuwa ametangaza muswada wa kuwazuia watu wanaovuka mlango wa bahari kwa mashua ndogo wasipate hifadhi nchini humo. Gary Lineker, mchezaji wa zamani wa timu ya taifa ya England na mwendeshaji wa kipindi hicho tangu mwaka 1999, aliandika katika Twitter kwamba lugha iliyotumiwa kuitetea sera hiyo haikutofautiana na ile iliyotumika Ujerumani katika miaka ya 1930. Tarehe 10 Machi BBC ilitangaza kwamba angekaa pembeni hadi makubaliano yapatikane kuhusu matumizi yake ya mitandao ya kijamii. Wachambuzi Ian Wright na Alan Shearer wakajitoa, kisha watangazaji wengine wakafuata, na vipindi vingine vya soka vya wikiendi hiyo vikafutwa. Tarehe 13 Machi Mkurugenzi Mkuu, Tim Davie, aliomba radhi kwa usumbufu uliotokea, naye Lineker akarudi kazini.

Mwanaisimu anayesoma mkasa huu ana jambo la kulizingatia ambalo wachambuzi wengi wa siasa walilipita haraka. Mtangazaji huyu hakutamka jina la chama chochote, wala hakuwaomba watu wapige au wasipige kura. Alitoa hukumu juu ya lugha. Alisema kwamba namna fulani ya kuwataja watu ina historia, na historia hiyo ni mbaya. Mtu anaweza kukubali au kukataa ulinganisho wake (mimi binafsi nauona kuwa ulirukia mbali, kwa kuwa mfano wa Ujerumani hufunga mjadala kuliko kuufungua), lakini swali ambalo shirika lilipaswa kujibu halikuwa kama amekosea. Swali lilikuwa: je, kauli ya namna hiyo, ikitoka kwa mtu wa namna hiyo, nje ya kipindi chake, ni jambo la mwajiri? Jibu la BBC la mwaka 2023 lilitofautiana sana na jibu ambalo shirika hilohilo lilikuwa limelitoa kwa vitendo miaka mingi kabla.

Arlott: mpaka uliokuwa katika kipindi

John Arlott aliwahi kuwa polisi katika mji wa Southampton kabla ya kuwa sauti maarufu zaidi ya kriketi katika redio ya Uingereza. Alitangaza mchezo huo BBC tangu mwaka 1946 hadi 1980. Katika msimu wa 1948 na 1949 alifuatana na timu ya England huko Afrika Kusini, miezi michache tu baada ya chama cha National kushika madaraka, na aliyoyaona huko hayakumtoka moyoni. Alipotakiwa kuandika rangi yake katika fomu ya serikali, alijaza kwamba yeye ni binadamu.

Mwaka 1950, akiwa mmoja wa wazungumzaji katika kipindi cha mijadala cha Any Questions?, Arlott aliieleza serikali ya Afrika Kusini kuwa kwa sehemu kubwa ni ya Kinazi. Kukatokea malalamiko ya kidiplomasia, naye akaondolewa katika kipindi hicho kwa zaidi ya miaka mitatu. Hata hivyo, aliendelea kutangaza kriketi. Shirika halikuona kwamba kauli aliyoitoa katika meza ya mjadala imechafua maelezo yake ya mpira uwanjani. Kosa, kama lilikuwa kosa, lilikaa mahali lilipotendeka.

Mfano unaofuata ni mzito zaidi. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1955, na tena mwaka 1959, Arlott aligombea ubunge katika jimbo la Epping kwa tiketi ya chama cha Liberal. Alishindwa mara zote mbili na kazi yake ya redio ikaendelea. Msomaji wa leo, aliyezoea kusikia kwamba mtangazaji wa michezo ameitwa ofisini kwa sababu ya sentensi moja ya mtandaoni, ana haki ya kusita hapa. Mtu aliyesimama jukwaani kuomba kura alikaa pia mbele ya kipaza sauti cha shirika la umma na kuusimulia mchezo, na watu wakamsikiliza bila kudhani kwamba anawapigia kampeni.

Kisha ikaja habari ya Basil D'Oliveira. Mchezaji huyu alizaliwa Cape Town mwaka 1931 na kuwekwa na sheria za nchi yake katika kundi la machotara, kwa hiyo hakuruhusiwa kuiwakilisha Afrika Kusini. Alimwandikia Arlott barua kuomba msaada, na kwa juhudi za Arlott alipata mkataba katika klabu ya Middleton huko Lancashire mwaka 1960. Baadaye aliichezea England. Agosti 1968 alipata mikimbio 158 dhidi ya Australia katika uwanja wa The Oval. Pamoja na hayo, jina lake halikuwemo katika orodha ya kwanza ya timu iliyotakiwa kwenda Afrika Kusini. Mchezaji mwingine alipojiondoa kwa sababu ya jeraha, D'Oliveira akateuliwa, na Waziri Mkuu John Vorster akakataa kuipokea timu yenye mtu huyo. Ziara ikafutwa.

Afrika Kusini ilipangiwa kuzuru Uingereza mwaka 1970. Arlott aliijulisha BBC, na kuwaeleza wasomaji wa gazeti la The Guardian, kwamba hatatangaza mechi hizo. Sababu yake kuu haikuwa ya kichama. Alieleza kwamba yeye huweza kutangaza tu kama anavyohisi, na kwamba hisia zake kuhusu ziara ile zisingemruhusu kuwapa wasikilizaji furaha wanayoistahili. Hoja hii, kwa maoni yangu, ndiyo hoja ya kina kuliko zote zilizowahi kutolewa katika suala hili, kwa sababu inatokana na kazi yenyewe. Sauti ya mtangazaji si chombo tupu kinachopitisha matokeo. Huleta raha, mashaka, huruma. Anayelazimishwa kutia raha mahali asipoiona hudanganya, na msikilizaji mzoefu huutambua uongo huo hata kama maneno yote ni sahihi.

BBC haikumfukuza. Ziara nayo haikufanyika: tarehe 22 Mei 1970 wasimamizi wa kriketi waliifuta baada ya ombi la Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan. Hapa historia hiyo inagusana na yetu kwa njia mbili. Kiongozi wa harakati za vijana za kuizuia ziara hiyo, Peter Hain, alizaliwa Nairobi mwaka 1950 kwa wazazi wa Afrika Kusini. Muhimu zaidi, nchi za Kiafrika zilizokuwa katika Baraza Kuu la Michezo Afrika zilikuwa zimetishia kutokwenda Edinburgh katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Julai mwaka huo. Ziara ilipofutwa, zilikwenda, na Kipchoge Keino akashinda mbio za mita 1500. Miaka sita baadaye, ziara ya timu ya raga ya New Zealand huko Afrika Kusini haikufutwa. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi zilizosusia Olimpiki ya Montreal. Filbert Bayi, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 1500, hakukimbia dhidi ya John Walker, na John Akii-Bua, bingwa wa Munich wa mita 400 kuruka viunzi, hakuitetea medali yake. Kizazi kile cha wanamichezo wetu kililipa gharama kwa msimamo wa serikali zao. Kwa hiyo, mtu wa eneo hili anapoambiwa kwamba michezo na siasa havichangamani, anaambiwa jambo ambalo historia yake mwenyewe inalikana.

Isidhaniwe kwamba naipamba BBC ya zamani. Shirika hilo lilimnyima Arlott meza ya mjadala kwa miaka mitatu kwa sababu alisema juu ya ubaguzi wa Afrika Kusini jambo ambalo dunia nzima ilikuja kulikubali. Ninachosema ni kwamba mpaka wake ulikuwa na sura inayoonekana. Ulikuwa mpaka wa mahali: kuna kipindi cha maoni na kuna kipindi cha mchezo, na mtu mmoja anaweza kuingia katika vyote viwili akibadilisha sauti yake mlangoni.

Marekani: bendi, wadhamini na neno 'siasa'

Katika televisheni za Marekani mpaka ulichorwa kwa wino mwingine. Mwaka 1970 bendi ya Chuo Kikuu cha Buffalo iliandaa onesho la mapumziko katika mechi ya soka la Kimarekani dhidi ya Holy Cross, likiwa na ujumbe wa kupinga vita, ubaguzi na uchafuzi wa mazingira. Kituo cha ABC kilikataa kulionesha kwa hoja kwamba lilikuwa la kisiasa. Mwaka huohuo kituo hicho kilionesha mapumziko ya mechi baina ya chuo cha jeshi la nchi kavu na chuo cha jeshi la majini, ambapo wanajeshi walioshiriki uvamizi wa kambi ya Son Tay huko Vietnam walipewa heshima. La pili halikuitwa siasa. Sifahamu mfano mwingine unaoonesha kwa ufupi kama huu namna neno hilo linavyofanya kazi katika kinywa cha msimamizi wa matangazo. Halitaji aina ya maudhui. Linataja maudhui yanayokwenda kinyume na mkondo. Yanayofuata mkondo hupewa majina mengine, kama vile heshima, uzalendo au desturi.

Wataalamu wa maana wanalijua jambo hili. Katika jozi nyingi za maneno, upande mmoja hutiwa alama na mwingine huachwa mtupu, na ule mtupu huonekana kama hali ya kawaida ya dunia. Wimbo wa taifa kabla ya mechi, ndege za kivita juu ya uwanja, rais katika jukwaa la wageni mashuhuri: haya yote hupita bila alama. Mchezaji anapopiga goti wakati wa wimbo huo, alama hutokea mara moja.

Howard Cosell wa ABC aliujua mpaka huo na alitembea juu yake kwa miaka mingi, akimwita Muhammad Ali kwa jina alilolichagua mwenyewe wakati wengine walikataa, na akimtetea baada ya kunyang'anywa ubingwa mwaka 1967 kwa kukataa kwenda vitani. Cosell alivumiliwa kwa sababu aliwaleta watazamaji. Hiyo ndiyo kanuni ambayo haikuandikwa popote.

Iliandikwa, au ilijaribiwa kuandikwa, katika kituo cha ESPN. Mwaka 2003 Rush Limbaugh, mtangazaji wa redio wa mrengo wa kulia aliyeajiriwa katika kipindi chake cha Jumapili, alidai kwamba Donovan McNabb alikuwa akisifiwa kupita kiasi kwa sababu vyombo vya habari vilitamani mchezaji mweusi wa nafasi yake afanikiwe. Alijiuzulu ndani ya siku chache. Mwaka 2016 mchambuzi wa besiboli, Curt Schilling, alifukuzwa kwa kusambaza mtandaoni picha ya kuwadhihaki watu waliobadili jinsia. Hadi hapo mtu angeweza kudhani kwamba kituo hiki kinaadhibu matusi dhidi ya makundi ya watu, na kwamba hiyo ni kanuni inayoeleweka.

Mkasa wa Jemele Hill unaivuruga dhana hiyo. Septemba 2017 aliandika katika Twitter kwamba Rais Donald Trump ni mtu anayeamini ubora wa Wazungu. Msemaji wa Ikulu alisema hadharani kwamba hilo ni kosa la kufukuzisha kazi. ESPN ilitoa taarifa ya kujitenga na maneno yake, lakini haikumsimamisha. Oktoba mwaka huohuo mmiliki wa timu ya Dallas Cowboys, Jerry Jones, alisema kwamba mchezaji atakayeukosea heshima wimbo wa taifa hatacheza. Hill aliandika kwamba mashabiki wasioridhika wanaweza kuwabana watangazaji wa biashara wanaoidhamini timu hiyo. Kwa hilo alisimamishwa wiki mbili. Alimwita rais wa nchi jina zito, na akabaki hewani. Alipowagusa wadhamini, akaondolewa. Mwaka uliofuata aliondoka kituoni.

Jimmy Pitaro alipochukua uongozi wa ESPN mwaka 2018 alirudisha msimamo wa kwamba kituo ni cha michezo, na siasa itaingia pale tu inapokutana na michezo moja kwa moja. Julai 2019 Dan Le Batard aliuita msimamo huo wa woga akiwa hewani. Siku moja kabla, katika mkutano wa hadhara huko North Carolina, wafuasi wa rais walikuwa wamepiga kelele wakitaka mbunge Ilhan Omar arudishwe kwao, yaani Somalia, nchi aliyoikimbia utotoni kabla ya kuishi miaka kadhaa katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya. Hoja ya Le Batard ilifanana na ya Arlott kwa sehemu moja: yeye, mtoto wa wahamiaji kutoka Kuba, hawezi kuongea kuhusu mpira siku hiyo kana kwamba hakuna kilichotokea. Tofauti ni kwamba Arlott aliomba kunyamaza, na Le Batard aliomba kusema.

Lineker: mpaka ulioingia katika nafsi

Turudi BBC. Simu ya mkononi iliuondoa mpaka wa mahali. Ukurasa wa mtangazaji katika mtandao wa kijamii si studio, wala si sebule yake. Davie alipoingia madarakani mwaka 2020 alitoa miongozo mipya iliyowataka watu wenye majina makubwa, hata walio nje ya idara ya habari, wawe na wajibu wa ziada. Wajibu huo haukufafanuliwa. Neno la aina hiyo ni hatari katika maandishi ya kisera, kwa sababu kila upande huona ndani yake kile unachokitaka: shirika lilisoma katazo, Lineker, aliyekuwa akifanya kazi kwa mkataba wa mtu huru na si mwajiriwa, alisoma ushauri.

Tatizo la pili lilikuwa la ulinganifu. Novemba 2022 BBC One haikuonesha moja kwa moja sherehe za ufunguzi wa Kombe la Dunia la Qatar. Badala yake, Lineker alisoma mbele ya kamera maelezo makali kuhusu wafanyakazi wahamiaji waliofariki, sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja na tuhuma za rushwa ndani ya FIFA. Nani atasema kwamba hiyo haikuwa siasa? Tena ilisemwa ndani ya kipindi, kwa idhini ya shirika. Msikilizaji wa Mombasa au Kampala ambaye ndugu yake analinda mlango wa hoteli Doha pengine aliona maelezo yale yana haki, na pengine alijiuliza kwa nini kuna kimya kuhusu mambo ya karibu zaidi na Uingereza. Miezi minne baadaye alipata jibu: kauli juu ya serikali ya mbali iliitwa uandishi wa habari, na kauli juu ya serikali ya nyumbani iliitwa kuegemea upande.

Mwenyekiti wa bodi ya BBC wakati huo, Richard Sharp, alikuwa amewahi kukichangia fedha chama cha Conservative, na alikuwa katika uchunguzi kuhusu ushiriki wake katika suala la dhamana ya mkopo wa hadi pauni 800,000 kwa Boris Johnson. Alijiuzulu Aprili 2023. Simlaumu anayeona kwamba mizani ya upande mmoja ilikuwa nyepesi.

Ni kejeli ya historia, na inafaa itajwe katika mkusanyiko kama huu, kwamba serikali iliyokuwa ikibishaniwa iliongozwa na watu wenye asili ya kwetu. Wazazi wa Waziri Mkuu Rishi Sunak walizaliwa Kenya na Tanganyika. Baba yake Braverman alihamia Uingereza kutoka Kenya mwaka 1968.

Pamoja na hayo, sikubaliani na waliomtetea Lineker kwa kusema kwamba yeye ni mtu wa mpira tu. Mtu anayelipwa zaidi ya pauni milioni moja kwa mwaka kutokana na ada inayolipwa na kila kaya yenye televisheni, na ambaye uso wake unajulikana kuliko nyuso za mawaziri wengi, hana haki ya kujificha nyuma ya mpira. Ada ile hulipwa pia na aliyeipigia kura serikali anayoikosoa. Wajibu upo. Shida ni kuuandika kwa namna inayoweza kufuatwa na kukaguliwa.

Uchunguzi wa John Hardie ulipokamilika, BBC ilitoa mwongozo mwingine Septemba 2023, na huu ulikuwa bora kwa sababu moja: ulitaja vitendo. Waendeshaji wa vipindi vikuu vya burudani na michezo waliruhusiwa kutoa maoni kuhusu masuala ya umma. Walikatazwa kukiunga mkono au kukishambulia chama cha siasa, kushambulia tabia ya mwanasiasa mmoja mmoja, kutoa maoni kuhusu masuala yanayobishaniwa katika kipindi cha uchaguzi, na kushika nafasi rasmi katika makundi ya kampeni. Mtu anaweza kuubishia mwongozo huo, lakini akiusoma anajua alipo. Naona pia kwamba chini ya mwongozo huo Arlott asingeweza kugombea Epping.

Haukuyamaliza mambo. Mei 2025 Lineker alisambaza katika Instagram chapisho kuhusu Uzayuni lililokuwa na picha ya panya, taswira ambayo ina historia ndefu katika chuki dhidi ya Wayahudi. Alilifuta, akaomba radhi, akisema hakuiona picha ile. Kipindi chake cha mwisho cha Match of the Day kilikuwa tarehe 25 Mei. Mtu aliyeanza kwa kuonya kuhusu lugha ya miaka ya 1930 aliondoka kwa sababu ya taswira ya miaka hiyohiyo.

Maneno yetu na mwaka 2027

Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja mashindano ya CHAN, na mwaka 2027 zinatarajiwa kuwa wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika. Matangazo kwa Kiswahili yatasikika kutoka Lubumbashi hadi Muscat. Washauri wa sera wanaoandaa miongozo kwa ajili hiyo huchukua, mara nyingi, maandishi ya Kiingereza na kuyatia katika Kiswahili. Hapo kuna mitego.

Wa kwanza umo katika neno 'mtangazaji'. Kiingereza hutenga msomaji wa habari, mwendeshaji wa kipindi, msimuliaji wa mechi na mleta tangazo la biashara. Kwetu wote wanne hutangaza, yaani hulifanya jambo litangae. Mwongozo unaomkataza 'mtangazaji' kutoa maoni humfunga msimuliaji wa mechi kwa kamba iliyokusudiwa msomaji wa habari. 'Mchambuzi' ana nafuu, kwa kuwa kuchambua, tangu enzi za pamba, ni kutenga kinachofaa na kisichofaa. Hukumu imo katika jina lake. Mwongozo unaoheshimu lugha ungeanza kwa kutenganisha kazi hizi.

Mtego wa pili ni 'siasa' yenyewe. Katika matumizi ya zamani ya pwani neno hilo lilibeba pia maana ya upole na busara: kusema na mtu kwa siasa kulikuwa kusema naye kwa utaratibu. Maana hiyo imefifia, na leo 'usilete siasa' humaanisha nyamaza. Katika miongozo, neno hili halipaswi kusimama peke yake. Liandikwe badala yake lile linalokatazwa: kumwombea mgombea kura, kukashifu kabila au dini, kusoma hewani ujumbe uliolipiwa bila kusema kwamba umelipiwa.

Hili la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa siasa nyingi za michezo ya leo hununuliwa. Kuanzia mwaka 2018 wachezaji wa Arsenal walivaa mkononi maneno ya kuwaalika watalii Rwanda. Februari 2025, baada ya kundi la M23 kuuteka mji wa Goma, serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliiandikia Arsenal, pamoja na Bayern Munich na Paris Saint-Germain, ikizitaka zivunje mikataba hiyo; Rwanda imekuwa ikikanusha tuhuma za kulisaidia kundi hilo. Si kazi ya makala hii kuamua shauri hilo. Lakini mtazamaji wa Goma anayefuatilia mechi kwa Kiswahili aliyaona maneno yale kila wiki, na mtangazaji aliyeyataja kama tangazo hakuhesabiwa kuwa ameingia katika siasa. Angeuliza swali moja juu yake, angehesabiwa.

Umiliki wa haki za matangazo unaongeza uzito huo. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mikataba ya aina hii imeinua ligi zetu, na ni jambo la kupongezwa. Kwa upande mwingine, kila anayenunua haki huwa mshirika wa anayepaswa kukosolewa, na mkasa wa Hill umeonesha ni wapi kamba hukazwa kwanza. Mwongozo unapaswa kusema waziwazi kama mchambuzi anaruhusiwa kuzungumzia tiketi za magendo, mishahara isiyolipwa, viwanja vilivyojengwa kwa fedha za umma na watu waliohamishwa kupisha ujenzi huo.

Mwaka jana kituo kimoja cha eneo letu kiliniomba nihakiki lugha ya rasimu ya mwongozo wake wa michezo. Neno 'siasa' lilikuwamo mara 14, na halikufafanuliwa hata mara moja. Katika kikao nilimuuliza mhariri: mtangazaji akitumia dakika tatu kumkaribisha kiongozi wa nchi uwanjani na kumshukuru kwa uwanja, je, amevunja kifungu cha saba? Akasema hapana, huo ni ustaarabu. Na akisema paa la uwanja huohuo linavuja? Alisoma kifungu mara mbili, akasema kwamba kwa maandishi yalivyo, ndiyo, amekivunja. Tulikiondoa kifungu hicho siku ileile. Kilichowekwa mahali pake bado kinajadiliwa na wanasheria wa kituo.